Sanamu ya Mti na Uwanja wa Ngoma

Mtu atokaye Busisi, akavuka daraja lililofunguliwa mwaka 2025 na kupita Mwanza, hufika Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement. Humo vimehifadhiwa vyombo vya Bagika na Bagalu. Vyama hivyo viliposhindana kwa ngoma, sanamu za mti zilichezeshwa ili kuwavuta watazamaji. Basi mchongaji akikaribishwa kukaa na kuchonga katika nyumba ya namna hiyo, haitoshi kumpa chumba na magogo. Kwanza apelekwe uwanjani. Asiyeona mchezo ataiga sura ya sanamu tu, na kazi yake itapendeza rafuni, lakini itakuwa bubu. Nasi tuipimapo tuulize: je, ngomani ingemvuta nani?