Msafara Mzima Ndani ya Jalada Moja

Jamani, nimekipata! Safari za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1901, sasa kimo ndani ya simu yangu, kila ukurasa umepigwa picha, na tangu jana jioni sijashika kazi nyingine. Leo nimekichukua hadi Kwihara, nje kidogo ya Tabora, karibu na lile tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Nilitaka kukisoma kwenye njia yenyewe ya misafara.

Aliyekikusanya ni Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Basi, huyo tumwache hapo, maana utamu wote uko kwa waandishi wenyewe. Na waandishi gani! Selemani bin Mwenye Chande ni mfanyabiashara wa pwani aliyeingia bara na mali yake mpaka Ziwa Tanganyika na ng'ambo yake. Salim bin Abakari ni Mngazija, mtumishi aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Siberia! Na anaisimulia kwa Kiswahili, kwa msomaji wa Mrima ambaye labda hajawahi kuona hata treni. Mtoro bin Mwinyi Bakari ni mwalimu wa upande wa Bagamoyo. Baadaye alifundisha Berlin, akaoa huko, akafia huko mwaka 1927.

Mchuuzi, mtumishi, mwalimu. Watu watatu ambao sokoni wasingekaa mkeka mmoja, humu wamekalishwa pamoja, na kila mmoja ameandika kwa jicho la kazi yake. Hapo ndipo nilipopagawa. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika hapa Tabora, enzi hizo wakipaita Kazeh, mnamo Novemba 1857, na nimekulia kwenye habari zao: njia ni mateso, watemi ni wasumbufu, hongo, yaani ushuru wa kupita, ni unyang'anyi. Mfungue Selemani sasa. Kwake hongo ni jambo la kazi. Mtemi anadai, mnavutana, mnapatana, mnapita. Msipopatana mnakwama na mali inaliwa. Njia ile ile, lakini huyu anajua bei yake. Mtoro naye hana haraka ya kufika. Safari yake ni fupi tu, Udoe na Uzigua, na tangu kwenye kichwa cha habari anakuahidi mila za Wadoe. Ni mwalimu huyo, akifika kijijini anaanza kuuliza.

Kiswahili chao nacho! Kimenyooka, hakijapakwa rangi, sentensi zinakwenda kama watu walio kwenye mstari mmoja njiani. Nimesoma kurasa nzima kwa sauti, peke yangu, chini ya mwembe.

Ila kuna jambo linaniuma, na siwezi kulifumba. Wapagazi wamo kila mahali, na hakuna sura hata moja ya mpagazi. Wanyamwezi ndio waliobeba pembe mpaka Bagamoyo na kurudi na vitambaa vya merekani na kaniki, na shanga. Bila mabega yao kitabu hiki kisingekuwepo. Watumwa nao hawakupewa kalamu. Nikimaliza hiki nitarudia maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe, maana naye ni mtu wa njia hii: baba yake, Muhammad bin Juma, aliishi hapa Unyanyembe na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Lakini huyo naye ni tajiri mwenye bunduki. Bado simwoni mpagazi.

Mtaani kwangu yupo mzee ambaye babu yake alibeba mizigo hadi pwani. Kesho asubuhi nakwenda kwake na simu hii. Nitamsomea safari ya Selemani kituo kwa kituo, na kila kituo nitamwuliza: babu yake alikuwa akisema nini kuhusu hapa?