Uimbaji wa Fatuma binti Baraka: Sauti ya Uzee katika Baraza Ndogo

Mwimbaji akizeeka, aghalabu hupimwa kwa alichopoteza. Husemwa kuwa pumzi imefupika, koo limekauka, na sauti iliyokuwa laini sasa ina mikwaruzo. Kipimo hiki si cha uongo, walakini ni nusu ya kipimo. Wimbo wa Kiswahili haukuwa kamwe sauti tupu. Ni neno lililopandishwa juu ya sauti, kama abiria juu ya chombo. Chombo kikichakaa, la kuuliza kwanza ni kama abiria amefika.

Swali hili halina mfano bora kuliko Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, na baba yake alikuwa mwuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa. Hukisiwa kuwa katika miaka ya 1910. Utotoni alizisikia nyimbo za Siti binti Saad akazishika kwa sikio. Aliikimbia ndoa ya kulazimishwa, akatembea pwani na bara akiimba, kisha akarudi Unguja akawa mwimbaji wa taarabu na kungwi wa unyago. Sifa ya nchi za nje ilimfikia katika umri ambao wengine huwa wamekwisha kunyamaza. Aliimba karibu mpaka mwisho wa maisha yake, akafariki dunia tarehe 17 Aprili, 2013.

Ili kuufahamu uimbaji wake ni lazima kurudi kwanza mahali nyimbo zake zilipotoka. Taarabu ilipopata makao Unguja katika zama za Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 mpaka 1888, ilikuwa muziki wa jumba la mfalme, na maneno yake yalikuwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mwuza vyungu, ndiye aliyeufanya Kiswahili kiwe lugha ya taarabu inayosikika mbali. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, nao ulitolewa mwaka 1958 katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Lakini sahani na kitabu visisahaulishe jambo moja: nyimbo hizi zilikua nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, usiku, mbele ya wasikilizaji waliokaa karibu hata waweze kumwona mwimbaji akivuta pumzi. Walijuana na walimjua. Aliyetajwa katika wimbo huenda alikuwa jirani, na aliyefumbwa huenda alikuwamo chumbani.

Udogo wa mahali, basi, haukuwa upungufu wa taarabu. Ulikuwa sehemu ya ufundi wake. Fumbo halifanyi kazi mbele ya umati usiojuana. Msikilizaji anapoinuka kwa madaha kwenda kumtunza mwimbaji, huuchagua ubeti wake. Huinuka neno fulani linapotamkwa, na kwa kuinuka kwake husema ambalo ulimi wake haukuthubutu kulisema. Wengine hugeuza macho kutazama nani amekusudiwa. Ubeti ule ule, ukiimbwa kesho mbele ya watu wengine, utakuwa na maana nyingine. Mwimbaji hana budi kuyasoma macho ya watu kama anavyoyasoma maneno kichwani, arudie palipogusa na apite upesi palipopoa. Baraza ndogo humpa nafasi hiyo. Uwanja mkubwa humnyima.

Hapa ndipo sauti ya uzee ya Bi Kidude ilipopata daraja yake. Sauti hiyo ilikuwa nzito, kavu, yenye nguvu ya kifua kuliko ulaini wa koo. Mwimbaji kijana mwenye sauti nyororo huushika mshororo akauvuta toka kipande cha kwanza mpaka kina cha mwisho kwa pumzi moja, na uzuri wa mvuto huo humfanya msikilizaji asahau kinachosemwa. Pumzi ya mzee haimruhusu kufanya hivyo. Hukata mshororo, na akikata, neno lililo mbele ya kituo hubaki peke yake hewani. Sikio hulipokea kama neno la mazungumzo, si kama pambo. Mwimbaji asiye na busara angelificha pengo hilo kwa ala. Bi Kidude hakulificha. Alilifanya kituo, na baada ya kituo alilitupa neno lililofuata kwa ukali wa mtu anayetoa hoja. Hivyo upungufu wa pumzi uligeuka kuwa namna ya kusisitiza maana.

Wimbo wa Kijiti waonyesha jambo hili kwa uwazi. Ni wimbo wa Siti, nao wasimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyefika Unguja, na hukumu iliyokwenda kombo: mwuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi wakaadhibiwa. Ukiimbwa kwa sauti tamu, msikilizaji hupata huzuni ya muziki, kisha hutulia. Ukiimbwa kwa sauti ya Bi Kidude, hapana utulivu. Mkwaruzo wa sauti huyaondolea maneno sukari yao, na kisa husimama kama ushahidi unaotolewa upya mbele ya baraza. Tena umri wa mwimbaji wenyewe huwa hoja. Anayesimulia si binti aliyefundishwa kisa cha kale. Ni mwanamke aliyekuwa hai katika zama za wimbo, naye hazungumzi kama mpokezi wa habari bali kama shahidi.

Muhogo wa Jang'ombe, ambao wengi waliujua kwa kinywa chake kuliko kwa sahani za Siti, una somo la namna nyingine. Jang'ombe ni mtaa wa Ng'ambo, na muhogo ni chakula cha kila siku. Anayesoma jina hilo katika kitabu ugenini huona mahali na chakula. Aliyekaa barazani Unguja husikia onyo, mzaha, na labda jina la mtu. Bi Kidude aliuimba kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba fumbo halihitaji kelele. Matamshi yake yalikuwa ya Kiunguja cha mitaani, hayakusafishwa kwa ajili ya mgeni wala kupambwa kwa ajili ya mwanachuoni.

Wapo watakaopinga sifa hizi, na hoja yao ni nzito. Bi Kidude hakuwa mlinzi mwaminifu wa matini. Alifupisha nyimbo, akaacha beti, akahamisha maneno toka mahali pao, na mara nyingine akaunga wimbo na wimbo. Mtafiti anayetaka kujua Siti aliimba nini hasa mwaka 1928 asimtegemee Bi Kidude, azitafute sahani. Katika ushairi wa vina na mizani, ambamo kila silabi ina hesabu yake, uhuru huu waweza kuitwa uharibifu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mhariri wa diwani. Kwa mhakiki wa uimbaji haitoshi, kwa sababu Siti mwenyewe hakuimba mbele ya diwani. Alichorithi Bi Kidude kwake si maneno peke yake, bali ile ruhusa ya kuugeuza wimbo uwafae walioketi mbele yake usiku ule. Aliyeyaweka maneno yote sawasawa akaipoteza ruhusa hiyo, amehifadhi ganda na kumwaga tui.

Walakini si kila alichokiimba kinastahili kipimo kimoja. Ngoma ya unyago, aliyoiongoza huku amejifunga msondo kiunoni, ilikuwa shule ya wanawali, na mlango wake ulifungwa kwa sababu. Ilipopandishwa jukwaani mbele ya wanaume na wageni, maneno yaliyokuwa mafunzo yaligeuka kuwa maonyesho. Bi Kidude alipenda elimu hii isife, na alipingwa na watu waliomheshimu. Pande zote mbili zilikuwa na haki. Linalosemeka kwa yakini ni kwamba msondo ulivuma vile vile, lakini waliofundishwa hawakuwapo. Na somo lisilo na mwanafunzi hubaki mdundo.

Hasara hiyo hiyo ilionekana, kwa kiasi kidogo, katika majukwaa makubwa. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya WOMEX, na mwaka 2006 Andy Jones alitoa filamu juu yake ambayo jina lake lafananisha umri wake na umri wa ulimi. Heshima hizo zilikuwa haki yake, na ni aibu kwa waliokuwa karibu naye kwamba ziliwatangulia. Lakini mbele ya maelfu wasiojua Kiswahili, kilichoshangiliwa kilikuwa umri. Watu walistaajabia kwamba mkongwe asimama, avuta sigara, apiga ngoma na kuimba. Ulimi wake ulihesabiwa miaka, haukusikilizwa maneno. Hata Unguja, katika uwanja wa Ngome Kongwe, vipaza sauti viliikuza sauti yake na papo hapo vikaviziba vile vituo vidogo ambavyo ndivyo vilivyobeba maana. Wasiofahamu lugha walipata nusu ya Bi Kidude, nao walidhani ni mzima.

Jambo hili lawahusu wanachuoni wa Kiswahili kuliko linavyowahusu wapenzi wa muziki. Desturi ya kukusanya nyimbo imekuwa kuandika beti, kusahihisha vina, kutia maelezo ya msamiati, kisha kufunga daftari. Kazi hiyo ni ya lazima, na bila hiyo mengi yangalipotea. Lakini daftari halisemi mwimbaji alituliza pumzi wapi, neno gani lilirudiwa mara tatu, nani aliinuka kutunza, na nani alitazama chini. Katika taarabu mambo hayo ni sehemu ya maana. Mkusanyaji anayeyaacha ni sawa na mwandishi wa kamusi anayeorodhesha maneno pasipo kueleza matumizi.

Waliokaa katika baraza za Siti wamekwisha, na Bi Kidude, aliyekuwa daraja la kuzifikia, ameondoka. Wamebaki waliomsikiliza yeye katika nyua na kumbi ndogo za Unguja. Wengi wao ni watu wazima, wangali wanakumbuka ubeti upi ulimfumba nani. Kumbukumbu hiyo haimo katika sahani yoyote. Ikiandikwa sasa, nyimbo zitakuwa na maana zao. Isipoandikwa, vizazi vijavyo vitairithi sauti ya bibi mzee aliyeimba vizuri kwa umri wake, nayo ni sifa ndogo mno kwa fundi wa neno.