Mstari wa Gundi: Jinsi ya Kupima Ubora wa Upinde wa Matabaka

Upinde wa matabaka huundwa kwa mbao nyembamba mbili, tatu au zaidi zilizounganishwa kwa gundi, kila moja ikiwa imechaguliwa kwa kazi yake. Upote unapovutwa, mgongo wa upinde, yaani upande unaoelekea shabaha, hunyooshwa, na tumbo, linalomwelekea mpiga mshale, hubanwa. Mwanzi na mti wa hikori hustahimili sana kunyooshwa, kwa hiyo hukaa mgongoni. Ipe ya Amerika Kusini na osage orange ya Marekani hustahimili kubanwa, nazo huwekwa tumboni. Pinde za Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ni za mti mmoja, hazina gundi, na ubora wake huamuliwa porini wakati wa kuchagua mti. Katika upinde wa matabaka sehemu kubwa ya uamuzi huo huhamia kwenye kiungo, kwa kuwa mkono wa upinde unapojipinda kila tabaka hutaka kuteleza juu ya jirani yake, na kinachoyazuia ni gundi peke yake.

Basi mkaguzi huanzia ubavuni mwa upinde. Ubavu ukipigwa msasa laini na kulowanishwa kidogo, mstari wa gundi huonekana wazi. Katika kazi nzuri mstari huo ni mwembamba kama unywele, tena wa unene uleule kutoka ncha hadi ncha. Ukinenepa mahali, pale palikuwa na pengo lililojazwa gundi. Ukipotea na kubaki mwanya mkavu, gundi ilikuwa haba au ilikamuliwa yote ikatoka. Kasoro hizo mbili hazina uzito sawa: mstari mnene wa gundi ya epoksi huweza kudumu miaka, lakini mwanya mkavu ni ufa uliokwisha kuanza.

Mstari mwembamba hupatikana kwa randa, kabla kopo la gundi halijafunguliwa. Mbao mbili zikilazwa pamoja bila kubanwa na kuinuliwa mbele ya taa, mwanga usipenye popote. Fundi anayetegemea klampu zifunge pengo hujidanganya, maana klampu zikifunguliwa mbao hudai umbo lake la awali, na dai hilo hubaki ndani ya kiungo siku zote za maisha ya upinde. Uso ukishanyooka hukwaruzwa kwa msasa wa chembe kubwa, namba 60 au 80, au kwa meno ya ubapa wa msumeno wa chuma, na vumbi lote hufutwa. Mbao zenye mafuta kama ipe hupanguswa kwa asetoni mpaka kitambaa kitoke safi, kisha hupakwa gundi bila kuchelewa. Unyevu wa mbao wa asilimia 8 hadi 10 hufaa. Mbao mbichi ikiunganishwa na kavu, hiyo mbichi itasinyaa baadaye na kuvuta kiungo.

Gundi yenyewe huamua namna ya kubana. Gundi nyeupe au ya manjano ya maseremala hudai uso uliokaa sawasawa na mbano mkali, na huanza kushika ndani ya dakika chache, muda ambao ni mfupi mno kwa anayefanya kazi peke yake. Maji yake pia huingia kwenye mbao, kwa hiyo upinde huachwa ukauke siku kadhaa kabla ya kuanza kupindwa. Epoksi hujaza mapengo madogo na kumpa fundi nafasi ya kupumua, lakini haitaki kukandamizwa kwa nguvu: ikikamuliwa yote, kiungo hubaki na njaa. Kosa la wengi ni kudhani kuwa kadiri klampu zinavyokazwa ndivyo kiungo kinavyoimarika.

Kinachotakiwa ni mbano uliosambaa. Klampu za chuma zikiwekwa mbalimbali hukaza pale zilipo na kuacha mawimbi katikati. Dawa yake ni kuzipanga karibu karibu na kulaza ubao mnene juu ya matabaka ili ugawe mkazo. Njia rahisi, na pengine bora kwa karakana ya nyumbani, ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu vyembamba, kisha kuzungushwa kwa kuvutwa juu ya matabaka na kalibu, yaani umbo la mbao ambalo matabaka hubanwa juu yake, kwa pamoja. Mpira hufuata kila mwinuko na kila bonde, hata vifundo vya mwanzi ambavyo klampu ingevisaga. Huko Miyakonojo, Japani, mji unaosifika kwa pinde za mwanzi, mafundi wa jadi hufunga kamba kuzunguka matabaka na kupigilia makumi ya kabari chini yake, wakiupa upinde umbo lake kabari moja baada ya nyingine. Ni kazi inayostahili heshima, kwa kuwa pale kubana na kuunda ni tendo moja.

Gundi mbichi ni utelezi. Matabaka yasiposhikwa kwa pini ndogo katikati, huhama kadiri yanavyobanwa, na upinde hutoka umejikunja. Mkaguzi hunyoosha uzi kutoka ncha moja hadi nyingine na kutazama kama unapita katikati ya kishikio. Akiwahi kuuona upinde ungali kwenye kalibu, hutafuta shanga ndogo za gundi zilizojitokeza pande zote mbili kwa usawa. Upande usio na shanga unatiliwa shaka.

Mahali pa hatari kuliko pote ni pale kishikio kinapokwisha. Kipande cha kishikio kilichobandikwa kinapaswa kuchongwa kikikonda hadi kuwa chembamba kama karatasi, na mkono wa upinde usijipinde chini yake hata kidogo. Ukijipinda, kishikio hubanduka kwa mlio mkali, mara nyingi baada ya mishale mingi iliyoenda vizuri. Ukucha ukipitishwa kwenye mpaka huo usikwame.

Fundi makini huhifadhi vipande vilivyokatwa kwenye ncha za matabaka yaleyale, vilivyopakwa gundi siku ileile. Kipande kikivunjwa kwa patasi na mbao ikapasuka huku nyuzi zake zikibaki zimeng'ang'ania pande zote mbili, kiungo ni kizima. Kikifunguka na kuacha nyuso mbili laini zinazong'aa, upinde uliotoka humo hauna haki ya kuvutwa.