Mwanga wa Kihambani: Namna Harusi ya Uchagani Inavyopigwa Picha Bila Pozi

Chini ya migomba, saa saba mchana, kamera inaona kijani ambacho macho yetu yameshazoea kukipuuza. Jua linapita kwenye majani mapana, linachukua rangi yake humo, kisha linatua kwenye paji la uso la bibi harusi, mabegani na kwenye mikunjo ya shela. Picha nyingi za harusi za Marangu, Kibosho na Machame huharibikia hapo. Fundi akijaribu kuiondoa rangi hiyo baadaye kwenye kompyuta, ngozi inageuka zambarau na migomba yenyewe inapauka.

Naanzia kwenye kijani kwa sababu maharusi wengi siku hizi wanaomba picha za mtindo uliotulia: wapigwe wakiendelea na shughuli yao, bila kusimamishwa, bila kuambiwa watabasamu. Wapo wapiga picha wanaoupokea mtindo huu kama ruhusa ya kupiga chochote kinachopita mbele yao. Mimi nauona kinyume kabisa. Ukimpanga mtu, unampeleka penye mwanga mzuri. Usipompanga, wewe ndiye unayehama, na inabidi ujue mapema mwanga uko wapi na yeye atapita wapi.

Mtindo huu ulipata nguvu Marekani kuanzia miaka ya 1980, na mmoja wa walioupa jina ni Denis Reggie, aliyezipeleka harusini mbinu za wapiga picha wa habari. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya Septemba 1996, kisiwa cha Cumberland katika jimbo la Georgia: John F. Kennedy Mdogo anatoka kwenye kanisa dogo la mbao na Carolyn Bessette, anauinua mkono wa mkewe na kuubusu. Tendo lenyewe ni la sekunde moja. Picha ilipatikana kwa sababu mpiga picha alikuwa ameshatangulia nje na kuwageukia, badala ya kufuata nyuma yao pamoja na wageni.

Huko Marekani na Ulaya, picha za namna hii zimeshikamana na harusi za shambani, zinazofanyika kwenye mabanda makuukuu ya mbao yaliyokuwa ya nafaka na mifugo. Kilimanjaro tuna kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Kihamba kina tabaka zake: kahawa chini, migomba juu yake, kisha miringaringa na mifuruanje juu ya yote, na kila tabaka linakula mwanga. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walipoutambua mfumo huu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kupitia eneo la Shimbwe Juu, walikuwa wakitazama chakula na udongo. Mpiga picha anapaswa kuutazama kama ramani ya vivuli.

Katikati ya kihamba mwanga ni wa kijani na umejaa madoa ya jua, moja puani, jingine shavuni. Pembeni, pale migomba inapokomea na uwanja wa nyumba unapoanza, mambo ni mengine. Mtu aliyesimama kivulini huku ameugeukia uwanja anamulikwa na anga iliyo wazi mbele yake, na udongo mwekundu uliofagiliwa unarudisha mwanga kidogo kutoka chini hadi kidevuni na machoni. Ni tofauti ya hatua tatu au nne tu. Desemba inaifanya tofauti hiyo kuwa kubwa zaidi. Ndio mwezi wa harusi nyingi, kwa kuwa ndugu wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wamepanda nyumbani kwa Krismasi, na ndio mwezi ambao jua la Moshi, karibu saa sita na nusu mchana, linakuwa nyuzi 20 hivi tu kutoka utosini. Anayepigwa uwanjani saa hiyo hana macho kwenye picha, ana vivuli viwili chini ya nyusi.

Kwa hiyo fika kihambani siku moja kabla, saa ileile ambayo msafara utafika, na uliza mambo mawili: gari la maharusi litasimama wapi, na wazee watakaa upande gani. Kisha weka mizani ya rangi kwa mkono, kwa kupiga karatasi nyeupe iliyoshikwa palepale watu watakaposimama. Ukiiachia kamera ijikisie yenyewe, itakisia tofauti kila shela jeupe au jani la mgomba linapoingia kwenye fremu, na ukoo mmoja utakuwa na rangi tano za ngozi kwenye albamu moja. Hifadhi faili ghafi.

Ngozi yetu inahitaji uangalifu wa pekee kwenye kipimo cha mwanga. Kamera hupima kwa kudhani kwamba wastani wa dunia ni kijivu. Shela likijaza fremu, inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Hili lina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi zilizoitwa Shirley, na ngozi nyeusi ikabaki bila kipimo chake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengenezaji filamu Jean-Luc Godard alipokuwa Msumbiji kwa shughuli za televisheni, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo. Vihisi vya kamera za leo ni bora mno, lakini kanuni ya kupima haijabadilika. Pima usoni, kwenye shavu lenye mwanga, kisha hakikisha shela halijaungua. Kati ya vitu viwili hivyo, uso ndio usiopotezwa.

Banda la kahawa au ghala la mbao lenye paa la bati, ambalo familia nyingine hulifagia na kulipanga meza, ni rahisi kuliko linavyoonekana. Mlango mmoja mpana ni taa kubwa ya upande mmoja. Simama ukutani kando ya mlango, elekeza kamera ndani kwa mshazari, na kila anayegeuka kutazama nani anaingia anakupa uso wake ukiwa umemulikwa upande mmoja. Acha giza la nyuma liwe giza. Fungua lenzi hadi f/2, kasi 1/125, ISO ipande hadi 3200 bila hofu. Chembechembe kidogo kwenye picha hazijawahi kumuudhi bibi harusi. Flashi ya usoni ndiyo inayouua huo mwanga wa mlango.

Turubai ni adui mkubwa zaidi. Turubai la bluu linapaka kila mtu bluu, na hakuna karatasi nyeupe itakayoponya uso ulio nusu chini ya turubai na nusu juani. Kamati ikikuuliza, omba nyeupe. Usiku zikiwashwa taa za LED za bei nafuu, kuna jambo jingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera iliyowekwa kwenye shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti, inachora mistari myeusi juu ya picha. Tumia shata ya kawaida kwa kasi ya 1/100 au 1/50. Shata ya kimya iweke kwa ajili ya kanisani, ambako parokia na sharika nyingi huwataka wapiga picha wakae mahali pamoja na wasikaribie madhabahu.

Yote hayo ni maandalizi ya dakika chache ambazo familia itazikumbuka, na katika harusi ya Kichaga dakika hizo ni za ndafu. Mbuzi mzima aliyebanikwa anaingizwa amesimamishwa, majani mdomoni, watu wakicheza mbele yake na matarumbeta yakipuliza. Mpiga picha mchanga anamkimbilia mbuzi. Anapata picha kumi za mbuzi na migongo ya watu wenye simu. Lakini ndafu ni zawadi, na picha iko kwa anayepewa. Bibi harusi anachukua kipande, anawaendea wakwe, anapiga magoti, anatoa kwa mikono miwili. Mama mkwe anainama kidogo kukipokea. Nyuso mbili zinakaribiana kwa muda mfupi sana.

Ili kuipata bila kumwomba mtu arudie, unahitaji ratiba kutoka kwa mwenyekiti wa kamati na neno na mshereheshaji kabla ya shughuli. Uwe umeshafika upande wa wakwe kabla ndafu haijatajwa kwenye kipaza sauti. Piga goti nawe, kwa sababu lenzi iliyo juu ya kichwa cha bibi harusi inaona utosi na maua tu, na kwa sababu si adabu kusimama juu ya wazee wanapopewa heshima yao. Lenzi ya milimita 35 inakuweka umbali wa mita mbili hivi, karibu kiasi cha kuonyesha mikono yote minne na nyuso mbili pamoja. Kasi isipungue 1/250, maana mikono haitulii. Usipige mfululizo kama bunduki. Sauti hiyo inawageuza watu wakutazame.

Baada ya hapo, ondoka kwenye meza kuu. Wazee wanaopitishiana kata ya mbege, pombe ya ndizi, kwenye benchi kando ya migomba hawajali kamera wakishakuzoea, na kuzoewa kunaanza na shikamoo, kukaa nao, na kuonja unapokaribishwa, kamera ikiwa bado begani. Ifuate kata hiyo, mkono hadi mkono. Ni hadithi ya fremu tano au sita. Jikoni, akina mama wakikoroga mtori kwenye masufuria ya kuni, simama upande wa kivuli na piga kuelekea jua. Moshi ukiwa kati yako na mwanga unaonekana wote, na umbo la anayekoroga linatokeza vizuri. Nazipenda picha hizi kuliko za ukumbini, na nimeona familia zikizirudia zaidi, hasa mmoja wa wazee anapokuwa hayupo tena.

Kuhusu mlima, nina msimamo. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, mara nyingi huonekana alfajiri na jioni; mchana wa harusi mlima umejifunika mawingu. Ukijitokeza, piga. Usipojitokeza, usiubandike kwa kompyuta nyuma ya maharusi, kwani picha ya kumbukumbu inayosema uongo kuhusu hali ya hewa itatiliwa shaka kwa mengine yote.

Wala usidharau picha za ukoo za kupangwa. Babu na bibi zetu walivaa nguo zao bora kwenda studio kwa ajili ya picha moja, na Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ni ushahidi wa uzuri uliotoka humo. Tenga nusu saa, kivulini pembeni mwa uwanja, wazee wapewe viti, umalize.

Kamati zilizoanza vikao vya harusi za Desemba, mwiteni mpiga picha kwenye kikao kimoja kabla ya siku yenyewe. Mpeni ratiba, mchagulieni turubai jeupe, na mwambieni mshereheshaji awaombe wageni wenye simu wabaki kwenye viti vyao mpaka wakwe watakapomaliza kupokea ndafu.