Kilomita 50 za Mikumi: mkono ujue, jicho libaki njiani

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia huingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi baada ya Doma, ikatokea upande wa pili karibu na mji mdogo wa Mikumi, wilayani Kilosa. Katikati hapo pana kilomita zipatazo 50 ambamo malori ya Tunduma, mabasi ya Mbeya, Noah iliyobeba familia kwenda msibani Iringa, na tembo na watoto wao hutumia lami moja. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na wanyama hawajawahi kuacha njia zao kwa sababu ya magari. Serikali imefanya ya kwake: vibao vya mwendo, matuta, mabango ya faini kwa kila aina ya mnyama atakayegongwa. Watafiti nao wameitazama njia hii. William Newmark na wenzake walichapisha mwaka 1996 utafiti kuhusu athari za barabara hii kwa wanyama wakubwa wa Mikumi.

Nitakachokichambua mimi kiko ndani ya gari. Mkono wa dereva unatafuta nini, jicho lake limekwenda wapi, siti yake imekaaje pale swala pala anapochomoka majanini. Naamini kwamba katika kipande hiki, chochote ambacho mkono hauwezi kukipata bila msaada wa jicho kinatakiwa kiwe kimeshapangwa kabla hujaingia hifadhini.

Tuanze na hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, gari linakula mita 19 na ushee kila sekunde. Ukitazama skrini kwa sekunde 2 umeshapita mita 39 bila kuona njia. Baada ya hapo ndipo akili ishtuke, mguu uhame kwenye mafuta kwenda breki, na tairi zishike. Kwenye lami kavu hesabu hiyo inakula mita nyingine 55 hivi. Jumla inakaribia urefu wa uwanja wa mpira, na umeanza na jambo dogo kama kubadilisha wimbo.

Sekunde hizo 2 sikuziokota njiani. Mamlaka ya usalama wa barabara kuu ya Marekani, NHTSA, ilitoa mwongozo mwaka 2013 ikishauri watengenezaji kwamba kazi yoyote ya kwenye dashibodi isiyatoe macho ya dereva njiani kwa zaidi ya sekunde 2 kwa mtazamo mmoja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa jumla. Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima magari mapya yenye skrini kubwa dhidi ya Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida. Dereva akiwa kilomita 110 kwa saa alipewa kazi nne ndogo. Ndani ya Volvo kuukuu alizimaliza kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Ndani ya gari lililofanya vibaya kuliko yote, MG Marvel R, zilimchukua sekunde 44.6 na mita 1,372. Huko Ulaya somo limeanza kueleweka: Euro NCAP, wanaoyapa magari nyota za usalama, wameamua kuanzia 2026 gari linalotaka nyota tano liwe na vitufe au swichi halisi kwa indiketa, hazadi, honi, wipa na mwito wa dharura.

Hapa kwetu tuna bahati ambayo hatuijui. Magari mengi yanayopita Mikumi ni mitumba ya Japani yenye vitufe vya kubonyeza na vifundo vya kuzungusha, na mkono wa mwenye gari ukishavizoea unavifikia gizani. Bahati hiyo tunaiharibu wenyewe. Redio ya Kijapani hushika masafa ya FM ya 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazipatikani. Skrini yake ina maandishi ambayo hakuna anayeyasoma, na ukiwasha gari sauti ya bibi mmoja inakukumbusha kwa Kijapani habari ya kadi ya kulipia barabara za huko. Mwenye gari anakwenda kwa fundi, redio inang'olewa, inafungwa skrini ya Android yenye ukubwa wa sinia. Sasa sauti inaongezwa kwa kugusa kioo, wimbo unatafutwa kwa kupekua, na video ya taarabu inacheza mbele ya macho ya dereva. Juu yake, kwenye kioo cha mbele, imebandikwa simu inayoonyesha ramani. Ramani ya nini, wakati kutoka Doma hadi mji wa Mikumi njia ni moja?

Mishikio ya pembeni ya usukani nayo ina mtego wake. Gari la Kijapani lina indiketa kulia na wipa kushoto. Gari la Ulaya, hata likiwa na usukani upande wa kulia kama yetu, kwa kawaida limepindua: indiketa kushoto, wipa kulia. Aliyezoea IST akiazimwa Volkswagen atawasha wipa anapotaka kuovateki, na jua linawaka. Watu hucheka. Ila ile sekunde ya kuduwaa hutokea akiwa ameshatoka upande wake, na lori linakuja.

Kipima mwendo nacho kinastahili neno. Vitz ya kwanza na IST ya kwanza zilikiweka katikati ya dashibodi, mbali na usukani, ili jicho lisihangaike kubadili umbali mara kwa mara. Wengine hawaupendi mpangilio huo. Mimi naupenda kwa sababu moja isiyo ya kihandisi, nayo ni kwamba abiria wa mbele anauona mwendo kama dereva, na mama mkwe akisema "baba, punguza" anasema akiwa na ushahidi. Hatari kubwa iko kwenye gari lililotoka Uingereza. Namba zake kubwa ni maili. Mshale ukigusa 50 kwenye kibao cha 50, dereva ana amani, kumbe anakimbia kilomita 80 kwa saa. Tafuta namba ndogo za ndani, uweke alama ya rangi kwenye 50 na 80 za kilomita kabla ya safari.

Usiku mambo yanabadilika. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena mwaka 2023 kutembea usiku kucha, kipande hiki hakilali. Taa za dimu kwa kawaida humulika mita 40 hadi 60 mbele, na zimelengwa chini. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa linahitaji karibu mita 70 kusimama. Maana yake dereva wa dimu kwa mwendo huo anaendesha kuelekea mahali asipopaona. Kwa kilomita 50 inatosha mita 35, na hapo taa na breki vinakuwa sawa. Tembo ana rangi ya lami, na twiga kwenye dimu ni miguu mitupu. Mwili wake uko juu, usawa wa kioo chako. Full itumike pale ambapo mbele hakuna anayekuja, na mkono uwe unaijua njia ya kurudi dimu bila kubahatisha. Taa ndogo ya bluu kwenye dashibodi ndiyo inayokuambia kama full imebaki.

Madereva wa masafa wamejitengenezea lugha ya mishikio hiyo ya pembeni ya usukani. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia linakuambia usipite, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linakuambia njia nyeupe, pita. Lugha hii imeokoa watu wengi, lakini haina sarufi iliyoandikwa popote. Indiketa ya kulia inaweza pia kuwa ni lori linalokunja kulia kweli. Kupigiwa full mara mbili na gari linalokuja kunaweza kumaanisha trafiki yuko na tochi kilomita mbili mbele, na dereva anapunguza huku akitabasamu. Ndani ya Mikumi huenda kunamaanisha nyati yupo katikati ya barabara. Ushauri wangu ni kuichukua kila ishara ya taa humo kuwa ni ya mnyama. Ukikuta ni trafiki, hujapoteza kitu.

Siti ndiyo kiungo kinachodharauliwa kuliko vyote, maana wengi huipanga kwa starehe. Ipange kwa breki. Kaa mgongo umegusa kiegemeo mpaka chini, kandamiza breki mpaka mwisho, na goti libaki limekunjwa kidogo. Kama mguu umenyooka kabisa, siku ya kukanyaga kwa nguvu utakosa nguvu. Kisha nyoosha mkono juu ya usukani bila bega kuachana na siti: kiganja kikining'inia juu ya usukani umepatia. Kati ya kifua na katikati ya usukani ziwepo angalau sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa hufumuka ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na aliyeukumbatia usukani unampiga badala ya kumpokea. Mfupi asisogee karibu zaidi. Apandishe siti, au aweke mto mgumu usioteleza. Ukimaliza kusogeza, jisukume mbele na nyuma usikie komeo limeshika. Siti inayosogezwa gari likiwa linatembea inaweza kurudi nyuma ghafla, na miguu ikaachana na breki.

Kiegemeo cha kichwa kinahusu Mikumi moja kwa moja. Ukisimama ghafla kwa ajili ya nyani, hatari inayofuata inatoka nyuma, kwa basi lililokuwa limekusogelea. Kiegemeo kilichoshushwa mpaka shingoni kinakuwa mhimili wa kuivunja shingo. Kipandishe hadi usawa wa utosi. Na unapobana breki, hazadi iwashwe papo hapo. Kitufe chake chenye pembetatu nyekundu ni cha kukijua kwa kupapasa.

Mikanda tunaifanyia hila. Kuna wanaoufunga nyuma ya mgongo ili kengele inyamaze, na wanaonunua kibanio tupu cha kuidanganya. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilivyoandikwa ilimtazama dereva na abiria wa mbele, na nyuma watu wakachukulia kuwa hapawahusu. Fizikia haikusoma sheria hiyo: mtu wa nyuma asiyefunga mkanda anakuja mbele kwa mwendo uleule gari liliokuwa nao, na anayeumizwa ni yeye pamoja na aliyekaa mbele yake. Yule anayelaza siti ya mbele ili asinzie kutoka Mbeya hadi Morogoro anateleza chini ya mkanda, na utepe unaotakiwa kukaa kwenye nyonga unamkuta tumboni. Mtoto aliyepakatwa siti ya mbele yuko kati ya mfuko wa hewa na kifua cha mama. Arudi nyuma.

Chupa ya maji na ndala vina mahali pake, na pasiwe sakafuni kwa dereva. Chupa iliyobingirika chini ya pedeli ya breki hugundulika pale tu breki inapohitajika. Vioo vya madirisha ya nyuma vifungwe kwa kitufe cha mlango wa dereva, maana watoto wakitupa ganda la ndizi, nyani wanajifunza kuwa lami ni meza.

Ukikunja mjini Mikumi kuelekea Kilosa, kupitia Ulaya (ndiyo, Ulaya ya Kilosa), sehemu kubwa ya njia ni ya vumbi na changarawe na kazi ya vitufe inageuka. Hapa washa kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili vumbi lisiingie, na uwashe taa za dimu mchana kweupe. Bodaboda anayekuja ndani ya wingu la lori hakuoni vinginevyo. Mvua ikinyesha kioo kinapata ukungu kwa sababu hewa ileile inazungushwa. Zima kitufe hicho, elekeza upepo kwenye kioo na uwashe AC hata kama kuna baridi, kwa kuwa AC hukausha hewa. Makundi ya ng'ombe ni mengi wilaya hii. Honi ndefu inawatawanya kila upande; punguza mwendo, mwache mchungaji awapitishe.

Wanaoendelea na lami kuelekea Iringa wana miteremko ya Iyovi, na wakirudi wana mteremko wa Kitonga. Kwenye gari la auto la Kijapani kuna kitufe kidogo kwenye mshikio wa gia kinachowasha maandishi ya O/D OFF. Watu huyaogopa wakidhani gari limeharibika, wakayazima. Kitufe hicho huizuia gia ya juu kabisa ili injini isaidie kushika gari mteremkoni, na breki zisichemke. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kuuza breki kwa bei ya lita moja.

Anayeendesha kilomita 100 kwa saa ndani ya hifadhi badala ya 70 anaokoa takriban dakika 13. Zitumie dakika hizo Doma, gari likiwa limesimama, kupanga siti, vioo, mikanda, muziki na simu. Na ukienda kwa fundi kubadilisha redio, mwambie vitufe vya feni, hazadi na sauti vibaki vya kubonyeza, na video isicheze gari likitembea. Akisema haiwezekani, nenda kwa fundi mwingine.