R ndani ya simu: tusifu nini, tuache nini

Wandugu, kwenye magrupu yetu kuna sifa mpya: eti simu ya Android inabeba Linux nzima, na ndani yake R, PSPP na gretl, sawasawa na mashine ya mezani. Nimetumia njia hiyo hapa Baraka na nikiwa safarini Fizi. Hukumu yangu: kitu ni cha kweli, ila watu wanakisifu upande usiofaa.

Ukweli kwanza. Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux. Unaweka Termux, ile ya F-Droid, unaandika `pkg install proot-distro`, kisha `proot-distro install debian`. Ukishaingia kwa `proot-distro login debian`, unaandika `apt update`, halafu `apt install r-base`. Basi. Hulipi leseni. Hesabu ni zilezile za R iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, na ambayo toleo lake la 1.0.0 lilitoka mwaka 2000.

Sasa upande unaosifiwa bure: ile picha ya desktopu. Watu wanapakua XFCE, wanaifungua kwa VNC, wanapiga picha ya skrini na kuituma. Kumbe wamemaliza mega za mwezi ili kupata vitufe vidogo kama jicho la ndagala. Tena tangu Android 12, mfumo unaua michakato ya nyuma ikizidi 32, na desktopu inaweza kuzimika katikati ya kazi. Hayo ni mapambo.

Thamani iko kwenye mistari ya maandishi. Chukua anketi ya nyumba 300 juu ya maji na kolera. Data imetoka KoboToolbox kama faili la CSV, `read.csv` inaisoma mara moja ukiongeza `sep = ";"`. Ukishapakua kila kitu, rezo ikikatika unaendelea, na simu inashajiwa kwa pano ndogo ya jua.

Lakini sababu kubwa si bei wala umeme. Tunajua desturi yetu: mwanafunzi anapeleka data yake sekretariati, analipa, anarudishiwa meza zimepangwa vizuri. Siku ya kutetea TFC, jiri inamuuliza: hiyo p ya 0,03 imetoka wapi? Kimya. Kazi ina jina lake, lakini matokeo si yake. Ukiandika mwenyewe mistari ya R, kila hatua inabaki kwenye faili. Mwelekezi wako anaweza kuisoma, kuirudia na kukuonyesha ulipopotea. SPSS nayo ina nafasi ya kuhifadhi amri, ila kati yetu ni nani anayerudi nayo kutoka sekretariati?

Kasoro zipo. Kuandika kwa vidole juu ya kioo kunachosha. Tafuta klavye ya Bluetooth au ya kebo ya OTG. Vifurushi ukivivuta kwa `install.packages`, simu inaweza kuhangaika muda mrefu ikivijenga. Afadhali `apt install r-cran-ggplot2`. Data nzito na ramani kubwa bado zinataka mashine. Na jambo la kushika sana: ondoa majina na namba za watu kabla data haijaingia. Simu inaibiwa, na kwenye bariere inaweza kufunguliwa. Mgonjwa aliyekujibu nyumbani kwake hakukubali hilo.

Pia vyuo visipate kisingizio humu. Kusema wanafunzi wana simu si sababu ya kuacha sale ya informatike tupu. Simu inamsaidia asiye na mashine. Haimwondolei haki ya kuipata.

Kwa hiyo anayeanza TFC mwaka huu, nakushauri: acha desktopu, weka R peke yake, na jifunze amri kumi kabla ya anketi kuanza. Data ikifika, uwe wa kwanza kuiona.