Si kila msiba ni ‘mapenzi ya Mungu’: Kezilahabi na swali la uovu

Hebu kumbuka mazishi ya mwisho uliyohudhuria. Pengine marehemu alikuwa kijana aliyegongwa na gari, na dereva alikuwa amelewa chakari. Msemaji akashika kipaza sauti, akawatuliza waombolezaji: “Tukubali tu, ni mapenzi ya Mungu.” Watu wakaitikia “Amina”, wakala, wakaenda zao. Na dereva je? Huyo hakutajwa.

Kauli hiyo inazua maswali ya imani, lakini kasoro yake ya kwanza ni ya lugha. Kutaka si kupenda, kupenda si kuridhia, wala kuruhusu si kuamuru. Neno “mapenzi” hapo lilikusudiwa kubeba maana ya “matakwa”, kama lilivyo katika Sala ya Bwana ya Waprotestanti. Wakatoliki wao husema “utakalo”. Lakini kwa sikio la leo, mapenzi ni mapenzi tu. Mama anayeambiwa kwamba kifo cha mwanawe ni mapenzi ya Mungu anaweza kusikia kwamba Mungu alikifurahia.

Wanazuoni walioiona hatari hii walitenganisha maneno. Katika elimu ya Kiislamu, wapo waliopambanua kati ya irada ya Mungu na radhi yake: jambo laweza kutokea kwa irada yake bila yeye kuwa radhi nalo. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu hauamuru uovu bali anauruhusu. Sawa. Lakini kwa nini auruhusu?

Katika fasihi ya Kiswahili, wachache wamelishika swali hili bila woga kama Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyepitia seminari ya Nyegezi na kuaga dunia mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), hukumbukwa zaidi kwa kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Watu walishtushwa na ngono, wakapita kando ya jambo zito zaidi lililomo: kesi inayosikilizwa mbele ya Mungu.

Zakaria ni baba mlevi anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Anapokuwa mbali na jicho la baba, anajikuta hana silaha yoyote ya kujikinga: fimbo ilimfundisha woga, haikumfundisha kuchagua. Wanaume wanamtumia, mkuu wa chuo akiwa mmoja wao. Hatimaye mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua. Baada ya mauti, baba na binti wanasimama mbele ya Muumba, kila mmoja na hoja zake.

Huenda msomaji akaona kesi hiyo ni kiraka kilichoshonwa mwishoni mwa riwaya ya kihalisia. Mimi naona ndiyo moyo wake. Sisi tumezoea kumweka Mungu kizimbani: kwa nini uliruhusu? Kezilahabi anageuza viti. Wanaotakiwa kujieleza ni wanadamu waliokuwa karibu, wenye mikono na macho. Jibu la wanaotetea hiari, kwamba Mungu akizuia kila ovu hatutakuwa na uhuru wowote, limepewa mwili hapa. Uhuru wa Zakaria ulikuwa wa kweli, ndiyo maana hatia yake nayo ni ya kweli.

Hata hivyo, mahakama hiyo ni finyu. Mkuu wa chuo yuko wapi? Mchumba aliyedai ubikira asioweza kuudai kwake mwenyewe yuko wapi? Kesi ikiwa ni ya baba na binti tu, uovu wa jamii nzima unabaki kuwa ugomvi wa nyumba moja. Hapo mwandishi amewaachia wengi mno mlango wazi.

Miaka mitatu baadaye, katika Kichwamaji, Kezilahabi analikaza swali. Mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Kijijini wangesema ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Riwaya inatuonyesha vingine: ni maradhi yaliyoletwa na mwenendo wa watu wazima. Tulichodhani kimeshuka mbinguni kimetoka kitandani.

Lakini hapa ndipo utetezi wa hiari unapokwama. Kazimoto alichagua, mtoto hakuchagua chochote. Mbona uhuru wa mmoja ulipwe na mwili wa mwingine? Kazimoto hapati jibu, anajiua. Nami sidhani riwaya inatutaka tumfuate. Inatutaka tusikubali jibu la bei rahisi.

Kwa hiyo Kezilahabi anatuachia kazi mbili ambazo hatupaswi kuzichanganya. Penye mkono wa mtu, tuutaje: dereva mlevi, mkandarasi aliyepunguza saruji, afisa aliyepokea mlungula akafumba macho. “Kuruhusu” ni kitenzi cha Mungu, ndiyo, lakini ni kitenzi cha afisa huyo pia, na yeye tunaweza kumwita aje ajibu. Pasipo na mkono wa mtu, pale mtoto anapoteseka na hatuoni sababu, tuwe na adabu ya kunyamaza. Kumwambia aliyefiwa “pole, sijui kwa nini” si ukafiri. Waumini wengi wa kale walimlilia Mungu wao kwa maneno makali kuliko hayo.

Mazishi yajayo, basi, msemaji akisema ni mapenzi ya Mungu, jiulize kimoyomoyo: ni mapenzi yake, au ni uzembe wetu tuliompachika?